Chupa ya Posa Iliyofunguliwa Forodhani

Mwenye kisa hiki ameomba tumfiche jina, nasi tumemfichia. Msomeni mpaka mwisho, kisha mjibuni kupitia ukurasa huu huu.

Mhariri, nakusalimu wewe na wasomaji wako. Nina miaka ishirini na saba, kwetu ni milimani juu ya Same, na kazi yangu ni udobi katika meli ya abiria, ile inayowatembeza Wazungu pwani mpaka Durban na kurudi. Hawana safari ya maana, wanastarehe tu. Jina langu liacheni, maana gazeti hili linafika mpaka stesheni ya Same, na mtu ninayekwenda kumsema anajua kusoma.

Nimechumbia binti wa kijiji cha jirani. Hapa nitamwita Namsifu. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ni mjomba wake. Baba yangu alipopeleka neno, mjomba huyo akamwambia, "Dengelua tunapika wenyewe, miwa tunayo. Mwanao anafanya kazi melini, basi posa aje nayo kwa chupa ya Wazungu." Baba ni mtu mpole, akaitikia. Mimi sinywi hata hiyo dengelua yetu ya miwa, lakini nikasema sawa, tangu serikali ilegeze ile sheria ya kutunyima vileo vya Kizungu si kosa tena. Nikanunua wiski melini, chupa nzima, nikaiviringisha kwenye shuka zangu safari yote isije ikavunjika.

Tukafika Tanga. Forodhani kila mtu anafungua mzigo wake, nami nikafungua wangu. Karani wa forodha, kijana mwenye adabu zake, akaishika ile chupa akaniambia, "Ndugu yangu, hii imezibwa, inalipiwa ushuru. Ingekuwa imefunguliwa na imeanza kunywewa, ingehesabiwa kinywaji chako cha safari, ungepita bure." Nikauliza ushuru wake. Alichonitajia kilikuwa bei ya mbuzi, na mbuzi nilishawaahidi wakwe, hela yake ninayo mfukoni. Akaniona ninavyohangaika, akasema, "Si uifungue basi, unywe kidogo, upite? Sheria haikatazi." Nikaifungua. Nikapiga funda moja, likaniunguza mpaka machozi yakanitoka, na foleni nzima ikanicheka. Nikarudisha kizibo vizuri nikaenda kupanda treni.

Sasa kwa msomaji asiye Mpare inabidi nieleze. Kwetu pombe ya posa haionjwi njiani. Kibuyu kikifika kimepungua, ni kama umewaambia wakwe wanywe mabaki yako. Hayo nayajua tangu utoto, msidhani mimi mjinga. Lakini niliyajua kwa habari ya kibuyu. Kichwani mwangu chupa ya Wazungu ilikuwa kitu kingine kabisa, kitu cha dukani chenye sheria zake za serikali, na nilikuwa nimeifuata sheria barabara.

Siku ya posa wazee wamekaa, baba akaitoa chupa kwa mikono miwili. Mjomba akaiinua kwenye mwanga, akaitazama shingoni, akagusa kizibo kikatoka chenyewe. "Nani ametangulia kunywa?" akauliza. Nikaeleza habari ya forodha toka mwanzo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Kwa hiyo mkweo ni karani wa Tanga. Sisi umetuletea masazo." Wazee wakacheka. Baba yangu hakucheka. Mpaka leo akinijibu ananijibu kwa mkato.

Haya, linalonichoma roho ni hili. Posa imekataliwa, lakini chupa haikurudishwa. Mjomba anasema ameiweka iwe ushahidi. Kila akija mgeni anatolewa ushahidi aone jinsi nilivyowadharau, na binamu yangu aliyepita huko juzi ananiambia imeshafika nusu. Yote hiyo inahesabiwa nimekunywa mimi. Funda moja, jamani, na hata halikunikaa tumboni. Sasa mjomba anataka niende nikalete nyingine iliyozibwa, la sivyo kuna mtu wa Kihurio mwenye mashamba ya mpunga ameshaanza kutuma watu.

Nikasema ngoja nimwone Namsifu mwenyewe, nikijua huyo atakuwa upande wangu. Nilimkuta anatoka mferejini kuchota maji. Nikamwaga yangu yote, na mjomba wake nikamchambua kidogo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Hela ya ushuru ulikuwa nayo?"

Nikamwambia nilikuwa nayo, ila ilikuwa ya mbuzi.

"Ulikuwa nayo," akasema. "Mjomba mwache, mjomba anapenda pombe, kila mtu anajua. Mimi niambie kitu kimoja tu. Pale ulipokuwa unaing'oa kizibo, mimi ulinikumbuka?"

Ndugu zangu, ninyi nawaambia kweli. Nilikumbuka mbuzi. Nilikumbuka treni isiniache. Nilifurahi kwamba nimepita bure, hilo nalo nalikumbuka vizuri. Akangoja, alipoona sisemi akatengeneza kata yake kichwani, akajitwika maji, akapanda zake kwao bila kugeuka.

Meli inang'oa nanga juma lijalo. Wenzangu wananishauri nikanunue chupa nyingine, safari hii nilipe ushuru wote yaishe, na chupa kweli naweza kuipata. Lakini Namsifu hakuniomba chupa. Ninyi mliooa, nanyi mlioolewa, niambieni kabla sijaondoka: nikimfuata, nimjibu nini?