Kahawa Niliyoikataa

Nilirudisha mkono. Bibi, mama yake mama, alikuwa ameninyooshea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, nami nikakataa kwa sababu wenzangu wawili niliokuja nao walikuwa wameshakataa.

Leo asubuhi mke wangu amefungua kifurushi cha majani ya mgomba kilichotoka kijijini kwetu Kamachumu, na harufu ya kahawa iliyochemshwa na majani ya kunukia ikajaa sebuleni. Nikakiona tena kile kikapu.

Siku ile, kabla ya kufika kwake, kisimani tulikuwa tumesikia kwamba kahawa ya bibi ndiyo iliyomuua mtoto wa jirani. Hakuna aliyejua ni nani aliyeanza kusema. Mimi nilikuwa naitafuna tangu utotoni, na sikuwahi hata kuumwa tumbo.

“Chukua, mjukuu wangu,” alisema, akatia punje mdomoni mwake kwanza, kama desturi yetu inavyotaka mwenyeji afanye. “Unaona? Natafuna mwenyewe.”

“Nimeshiba, bibi.”

“Punje moja humshibisha nani?” Akacheka, kisha akafunika kikapu.

Njiani mmoja wa wenzangu alisema, “Mmeona? Hata mjukuu wake anaiogopa.” Sikumbishia. Kufikia jioni maneno hayo yalikuwa yamefika kisimani, na tangu hapo hakuna mgeni aliyekanyaga kwake.

Bibi aliacha kibanja chake cha migomba akahama bila kutuaga. Alizikwa ugenini, na mpaka leo sijui kaburi lake liko wapi.