Simu ya Pili Chumbani kwa Bibi

Mwaka ule baba alipelekwa India kupasuliwa moyo. Mama akaenda naye, mimi nikabaki Kariakoo na bibi mzaa baba, ghorofa ya pili, kama mkuu wa mawasiliano wa familia. Cheo nilijipa mwenyewe. Kupiga simu kutoka kule kulikuwa ghali, kwa hiyo mama aliahidi kuandika barua pepe siku ya upasuaji ikishapangwa. Bibi alitaka kitu kimoja tu: aijue saa, ili mwanawe akiingizwa ndani, yeye awe juu ya mswala anamwombea.

Kompyuta yetu ilikuwa ya mtumba na ilitumia Linux, mfumo usioshikwa ovyo na virusi, kwa sababu jirani wa duka la chini, Mhindi muuza vipuri vya kompyuta, alichoka kutusafishia virusi akanipa CD bure. Intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya nyumbani. Unaandika amri, modemu inapiga, inalia kama paka waliofunikwa na ndoo, halafu kimya: umeingia. Kuingia tulikuwa tunaingia. Kazi ilikuwa kukaa. Dakika moja, haizidi mbili, laini inakatika, hata barua moja haijashuka.

Siku tatu za likizo ziliishia hapo. Nilibadilisha mipangilio, nikapunguza kasi, nikasoma rekodi ya kompyuta mstari kwa mstari. Kila mara iliniambia simu imekatwa, saa fulani, dakika fulani, bila kusema nani kakata. Nikaongeza sauti ya modemu nisikie vizuri inakosea wapi. Ikawa mbaya zaidi.

Bibi alikuwa akichungulia mlangoni na tasbihi yake. "Mume wangu, bado?"

"Bado, mke wangu."

Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu hakucheka mtu.

Nikashuka dukani. Jirani hakuinua hata kichwa. Aliniambia niache kuichokonoa kompyuta, nifuate waya kwa mkono mpaka unapoishia. Nikapanda, nikaanzisha modemu, nikaufuata. Ulipita juu ya mlango, ukavuka korido, ukaingia chumbani kwa bibi, kwenye simu ya pili tuliyomwekea asihangaike kutembea.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, mkono wa simu uko mdomoni, anaisomea Ayatul Kursiy taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Mwezi mmoja kabla, aliponiuliza ule mlio ni wa nini, nilimwambia kuna jini anakaa kwenye waya. Alinipiga kofi la mgongo akacheka, nami nikasahau. Yeye hakusahau. Sasa habari za mwanawe zilikuwa zinapita kwa huyo jini, na kila alipomsikia akilia, aliinua simu kumfukuza.

Nikamwambia ukweli: hakuna jini, ni waya mmoja tu, na kila akiinua simu yake laini yangu inakatika. Safari hii sikupata utani wa kuchanganyia. Akairudisha simu kwa mikono miwili. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Nikapiga upya, na barua ilishuka mara ile ile. Mama aliituma juzi. Upasuaji ni leo, saa nne asubuhi kwa saa za kwetu, mwambie bibi. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro.

Nilipomsomea, bibi aliitazama ile saa ya ukutani.

"Saa nne mimi nilikuwa wapi?"

Nikafungua rekodi. Imekatwa saa nne na dakika tatu. Saa nne na kumi. Saa nne na ishirini na mbili. Nilimsomea zote, moja moja, mpaka saa sita.

"Ulikuwa kwenye simu, bibi. Unasoma."

Akaniambia nimwandikie mama hivyo hivyo. Nikaandika, na laini haikukatika.

Kesho yake modemu ilipoanza kulia, alikuja akakaa pembeni yangu, mikono ameikunja mapajani, hagusi kitu. Barua ikashuka. Baba alikuwa amefumbua macho.