Unyayo wa Mjusi Kafiri

Kwetu Isiolo mjusi kafiri hana rafiki. Watoto hufundishwa kumpiga kwa kandambili, na anayemuua kwa pigo moja huahidiwa thawabu nyingi. Mimi nilirudi kutoka chuo kikuu nimependa unyayo wake. Sikuona haya wakati ule, na sioni sasa.

Unyayo ule hauna gundi. Una vinyweleo vidogo mno, navyo ndivyo vinavyoshika ukuta. Nilikuwa nikitengeneza ngozi ya namna hiyo jikoni kwa mama: namimina silikoni kwenye kalibu yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, nangoja igande, nabandua. Kipande cha ukubwa wa kiganja kiliwahi kuning'iniza sufuria ya maharagwe kwenye kioo cha dirisha.

Abuya, yaani mjomba wangu, alichoka kuulizwa msikitini mpwa wake anafuga nini. Akaja na sharti.

"Hii kitu yako ikishika mbele yangu, mimi nanyamaza. Ikikataa, kesho tunaenda Garbatulla, unauza unga kwa duka yangu."

Nilikubali kwa kiburi. Nilikuwa nimepata kalibu mpya, nzuri kuliko ya kwanza.

Siku ya jaribio nilibandua kipande, nikakigandamiza kwenye kioo, nikatundika sufuria. Nilipoondoa mkono tu, ikaanguka. Nikarudia. Ikaanguka tena, maharagwe yakatapakaa miguuni pa abuya. Nilikinusa kile kipande. Kilinuka moshi wa vibuyu vya maziwa.

Mama akainamisha kichwa. Kwetu chombo kipya hakitiwi kitu kabla hakijafukizwa, naye alikuwa ameifukiza kalibu yangu kwa kuni za harufu nzuri na kuipaka samli kidogo, ili kazi ya mwanawe ipate baraka. Masizi na mafuta yalikuwa yameziba vitundu vyote. Hasira zilinipanda, lakini sikumtaja mama mbele ya abuya.

Abuya akakung'uta kanzu yake. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Funga nguo zako."

"Kushindwa nimekubali, abuya," nikasema. "Garbatulla ndiko siendi."

Aliinuka bila kugusa chai. Hakuwa amefika langoni mama alipoichukua kalibu, akaketi nayo kizingitini mahali ambapo kaka yake angemwona vizuri, akaanza kuiosha kwa sabuni.