Bastola ya Najiat

Mzee Abasi wa mtaa wa Cheyo hupiga pasi ya mkaa, na nguo huzilowesha kwa bastola ya maji, ya plastiki, rangi ya kijani. Watoto huiita bunduki. Yeye hataki kusikia. "Bunduki ni ya mikono miwili," husema, "hii ni bastola." Wateja hucheka, huchukua kanzu zao, huenda zao. Mazungumzo yake ya siku huishia hapo, maana mkewe alishatangulia mbele ya haki, na nyumbani hana wa kumwambia hata pole na kazi.

Bastola si yake. Alimnunulia mjukuu wake Najiat siku ya Idi, mtoto akiwa na miaka sita, naye akawalowesha majirani mpaka wakaja kumshtaki. Mwaka uleule ndoa ya wazazi wake ikavunjika, mama akamhamishia Nzega. Wakati wa kupanda basi, mtoto akamkabidhi mzee bastola. "Babu, nitunzie. Nitakuja kuichukua."

Abasi akaitunza kwa kuitumia, akijua mpira wake wa ndani usipolowa hupasuka. Ulipochoka akatia mpira wa vali ya baiskeli. Ikapita miaka tisa.

Mwaka huu Najiat akapiga simu: Idi hii anakuja. Mzee akaiosha bastola kwa sabuni, akaifunga kwenye kitambaa safi, akarudia mtindo wa zamani wa kujaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo. Jirani yake Rashidi akaja akaikuta kanzu yake ikipulizwa hivyo.

"Mzee Abasi, mate hayo! Nikaswalie Idi na mate yako? Bastola iko wapi?"

"Nimeiweka. Mwenyewe anakuja kuichukua."

Rashidi akaondoka na kanzu yake mbichi. Mzee wala hakujali.

Najiat akafika siku ya Idi, msichana mrefu, mpole. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mama." Wakala pilau. Kisha mzee akafungua kitambaa mbele yake.

Najiat akaigeuzageuza, akatabasamu kwa adabu. "Nzuri. Ya mtoto gani hii, Babu?"

Moyo ulimuuma mzee, ulimuuma hasa. Angeweza kumkumbusha, lakini aliogopa kuhurumiwa.

"Ya mtoto mmoja alikuwa akija hapa," akasema.

Jioni Najiat akapanda basi kurudi Nzega. Asubuhi Abasi aliijaza bastola maji, akaenda kwa Rashidi kuiomba ile kanzu aimalizie.

Rashidi akaitazama bastola. "Kumbe mwenyewe hakuja?"

"Bado hajaja," Abasi akajibu.