Miraa Ndani ya Ploti ya Wanajeshi

Mama alinituma karibu na Muthara nimrudishe dada yangu Wanja nyumbani, na kusema kweli nilifurahi kutumwa. Kambi ya jeshi iliyopakana na boma lao ilifungwa mwaka jana. Wanja na mumewe Kobia walikuwa wamejenga vyumba kumi vya kupangisha familia za wanajeshi, na ili kupata nafasi Kobia alikata miraa aliyoachiwa na babu yake. Miti ya namna hiyo Mmeru hakati ovyo. Nilimwonya wakati ule, akanicheka.

Alfajiri nilitoka Karurumo na gunia la ndizi za mama.

Saa saba nilikuwa Mikinduri. Muuza nyama mmoja aliniambia hata yeye amehamia hapo kutoka kijijini kwa kina Kobia. Zamani alichinja kila siku, lakini malori ya jeshi yalipoondoka, nyama ikawa inalala bila mnunuzi.

Saa kumi nilifika. Kinyozi kafunga, hoteli mbili zimefunga, na shuleni madarasa mawili yameunganishwa kwa kukosa watoto. Kobia alinipokea langoni bila kuniangalia usoni. Mimi nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima.

Wanja alinipa chai, akasikiliza ujumbe wa mama mpaka mwisho, kisha akanipeleka kwenye ploti, Kobia akitufuata. Vyumba vitano havikuwa na mabati tena. Walikuwa wamevunja sakafu ya simiti, wakajaza mbolea ya ng'ombe, na ndani ya kila chumba kulikuwa na miche ya miraa, kuta zikiwazuia mbuzi.

"Mpaka mvune ni miaka, shemeji," nilisema.

"Najua," Kobia akajibu. "Ya babu niliikata mimi. Nani mwingine ataipanda?"

Niliona haya, kwa sababu nilikuja kushangilia makosa ya mtu ambaye tayari alikuwa ameshika jembe.

Asubuhi Wanja alinisindikiza barabarani. Nikamuuliza kwa mara ya mwisho nimwambie mama nini.

"Mwambie ndizi za kula zinatosha. Sasa atume miche ya migomba. Miraa ikikomaa tutataka majani ya kuifungia."

Jioni nilifika Karurumo peke yangu. Mama aliuliza Wanja yuko wapi. Nilichukua jembe, nikaingia migombani kumchimbulia miche.