Mtumbwi wa Mvule

Watu wa Nyakakika walimsifu baba yangu kwa ugumu. Siku moja panga lilimteleza akikata mkungu, likampasua mguu. Akaufunga kwa majani makavu ya mgomba, akaendelea kukata hadi jioni. Mama alipouona akashika kichwa. Baba akamwambia, "Ni ngozi tu hiyo."

Kitu kingine kilichosifiwa pale nyumbani kilikuwa mtumbwi wake. Si wa majini. Lilikuwa gogo la mvule alilolichonga akiwa kijana, la kukanyagia ndizi mbivu za pombe. Wanaume waliingia miguu mitupu, wakakanyaga ndizi na nyasi mpaka juisi ikatoka, huku wakiimba na kutaniana. Aliyekanyaga na baba miaka yote ni jirani yetu, mtu ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alianza kwetu kama kibarua wa kupalilia kahawa, akaja kuwa kama mdogo wake.

Mama alipofariki, baba hakulia. Alituambia tunyamaze, wageni wanataka chakula. Baada ya msiba akaacha kutengeneza pombe. Mtumbwi ukabaki nyuma ya nyumba, ukipigwa na jua.

Msimu uliofuata jirani alikuja nikiwepo. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Binti yangu anaolewa. Ndizi zimeshaiva. Nimekuja kuazima mtumbwi."

Baba hakumtazama. "Mtumbwi ule kazi yake imekwisha."

"Basi njoo tukanyage wote, mzee. Hata shemeji angefurahi."

"Usimtaje mke wangu."

Jirani alivaa kofia yake, akaaga. Nilisikia alizikanda ndizi zake kwenye mabeseni ya plastiki. Baba hakwenda harusini. Mimi nilikuwa nimesharudi kazini Bukoba, na kwenye simu baba aliniambia mambo yote ni mazuri.

Nilirudi kiangazi cha mwaka uliofuata, nikamkuta amekaa chini nyuma ya nyumba. Mtumbwi ulikuwa umepasuka kutoka kichwani hadi mkiani, ufa unaopitisha vidole. Alikuwa akiupapasa.

"Miaka yote wanaume wazito wamekanyaga humu," alisema. "Umepasuka hauna mtu."

Nikamwuliza kama zamani haukukauka namna ile.

"Mama yenu alikuwa anaumwagia maji. Kila kiangazi, asubuhi, akitoka kisimani. Halafu anaufunika majani."

Nilimkumbuka na ndoo yake. Sisi watoto tulidhani anauosha. Hata baba, nadhani, hakuwahi kumuuliza.

Hapo ndipo alipolia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na sikujua nimshike wapi. Nilikaa tu pembeni yake mpaka akapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Nipeleke kwa yule bwana," akasema.

Lakini jirani alikuwa amehama. Alipata shamba Kyerwa, akaondoka na mkewe bila kuaga. Kesho yake asubuhi tulikodi pikipiki mbili kumfuata, tukafika vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Tulimkuta akipura maharage uani. Aliacha fimbo, akaja mbio.

"Shikamoo mzee! Umekuja mwenyewe?"

Mkewe alituletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, kama ilivyo desturi kwa mgeni wa heshima. Baba alichukua punje moja, akaishika tu. Waliongea habari za mvua, za mnyauko wa migomba, za binti ambaye sasa alikuwa na mtoto. Nilianza kuogopa kwamba tutarudi hivyo hivyo. Ndipo baba akasema, akitazama miguu yake:

"Siku ile nilikujibu vibaya. Nilikuwa naona nikiufungua mdomo vizuri, nitalia mbele yako."

"Ungelia tu, mzee. Mimi nililia siku ya mazishi. Nilikuwa nakungoja tulie wote."

"Mtumbwi umepasuka."

"Pole," jirani alisema. Kisha akarudia kwa sauti ya chini, "Pole sana."

Alitusindikiza hadi barabarani, amembebea baba mfuko wa maharage. Waliagana kwa mikono miwili. Jirani hakusema kama atakuja kututembelea, na baba hakumwomba. Pikipiki zilipowaka, nilimwona akirudi taratibu uani kwake, akaiokota fimbo.