Matairi ya Rali Siku ya Harusi Yangu

Zawadi ya kwanza niliyopewa na mume wangu ilikuwa brashi ya waya. Wakati huo alikuwa mchumba tu, fundi wa magari pale Kibomet, Kitale, na siku za mapumziko alishiriki mbio za magari na wenzake wasio na pesa ya tairi jipya. Matairi yake yalitoka kwa familia moja ya Singasinga yenye duka la vipuri mjini. Kijana wao akimaliza rali, matairi hutupwa nyuma ya duka, na huyu wangu huyabeba.

Tairi la rali likikaa juani hukauka. Juu hufanya ngozi ngumu, ya kung'aa, isiyoshika kitu. Kazi yangu ilikuwa kuisugua ngozi hiyo mpaka mpira laini wa chini utokee, naye ananifuata na kisu kilichopashwa moto, akichonga mifereji ya kupitisha matope. Tulipendana hivyo, tumechafuka hadi viwikoni. Mnaocheka chekeni.

Baba, mkulima wa mahindi kule juu ya Kimilili, hakucheka. "Sikia, mama," aliniambia, maana nimepewa jina la mama yake. "Mwanaume anaokota vitu watu wametupa, wewe atakutunza na nini?" Siku ya harusi alitaka nipande gari kubwa la mjomba wangu wa Bungoma. Nilikasirika. Nikamwambia nitaenda kanisani kwa gari la mchumba wangu, kwa matairi niliyoyasugua mwenyewe.

"Sawa," akasema. "Lakini likikwama kwenye mlima wa kanisa, utashuka uingie kwa mjomba, na hiyo harusi nitaifikiria upya."

Baba hatishi watu bure. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Asubuhi ya harusi mvua ilinyesha. Msimamizi wa bwana harusi ndiye aliyeendesha, Baba kiti cha mbele, mimi nyuma na shangazi zangu wawili, mjomba akitufuata na gari lake. Katikati ya mlima wa kanisa magurudumu yakazunguka bure, gari likaanza kurudi nyuma polepole, kama ng'ombe aliyekataa josho. Baba alifungua mlango wake.

Nilimtangulia kushuka. Nikakunja gauni hadi magotini, nikashika tairi. Likateleza mkononi. Nikanusa vidole: mafuta ya kupikia!

"Shangazi, nani amepaka haya matairi?"

"Si ni sisi, bana," akajibu yule mkubwa. "Yalikuwa yamepauka. Ati bibi harusi abebwe na kitu imepauka hivyo? Tukapaka mpaka chini, ing'ae."

Nilitaka kulia, kisha nikataka kumkaba. Mwishowe nikaomba sabuni na magunzi ya mahindi kwenye nyumba ya karibu, na shangazi zangu, kwa aibu, wakapiga magoti topeni nami. Tulisugua mpaka povu likawa jeusi. Nilipofika gurudumu la mwisho nilimkuta Baba amevua koti, gunzi mkononi, anasugua kwa hasira.

"Hapa je, mama?"

"Bado, Baba. Ingiza ndani ya mfereji."

Tukapanda tena. Safari hii matairi yaliuma matope, kokoto zikagonga chini ya gari, nami nikapiga vigelegele kwenye harusi yangu mwenyewe. Sijawahi kufurahi vile. Juu kabisa kwaya ilianza kuimba, na bwana harusi akatokea mlangoni akipangusa jasho.

Baba aligeuka akatazama chini. Mjomba alikuwa bado amesimamisha gari lake kule bondeni, ameinamia simu.

"Geuza," Baba akamwambia dereva.

"Mzee, tumechelewa. Pasta anangoja."

"Nasema geuza. Yule hakuona kazi ya mkwe wangu. Turudi, tupande tena."

Dereva akaniangalia kwenye kioo. Nikamwambia ageuze.